Tulivyopanga zamu za kuuguza mtaani kwetu Ujiji

Mtu akiugua Ujiji hakosi wageni. Siku za mwanzo mkeka haukunjwi: sukari inaletwa, sabuni inaletwa, mwingine anapitisha samaki. Ugonjwa ukirefuka, au ikiwa ni ulemavu usio na kupona, wageni hupungua mmoja mmoja hadi anabaki mwuguzaji peke yake. Nilipojitolea kwenye tiba shufaa ya majumbani, yaani kumtuliza mgonjwa maumivu hata kama hatapona, nikifuatana na muuguzi, mwuguzaji huyo wa nyumbani ndiye aliyenikaa moyoni.

Nyumba moja ilikuwa na mizigo miwili. Bibi alikuwa na saratani ya titi iliyokwisha kusambaa, na mjukuu wake alikuwa na mtindio wa ubongo, ulemavu unaomkaza mtoto misuli. Wote walimtegemea mama mmoja, ambaye zamani alikuwa akichukua dagaa mwaloni Kibirizi, mitumbwi inaposhusha samaki, na kuuza. Biashara ilikwisha kufa.

Nikawauliza majirani kwa nini hawaingii tena. Hawakunificha. Kwa bibi, harufu. Kwa mtoto, woga. "Nikimshika anakakamaa. Nikimvunja je?" aliniambia shangazi mmoja wa nyumba ya pili. Nikafurahi kusikia hivyo, maana hizo ni sababu zinazoondoka.

Harufu ya kidonda cha saratani huletwa na vijidudu vinavyoishi kwenye nyama iliyokufa. Muuguzi alituonyesha kukisafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, kisha kukinyunyizia vidonge vya metronidazo, dawa ya kuua vijidudu, vilivyosagwa vikawa unga. Baada ya siku chache mtu aliweza kukaa chumbani akazungumza.

Maumivu yalihitaji maelezo zaidi. Daktari aliandika mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu, na minong'ono ikaanza kwamba hiyo ni dawa ya kummalizia mgonjwa. Muuguzi aliwaketisha ndugu akawaeleza taratibu: dozi huanza ndogo na kupandishwa kadiri ya maumivu, hutolewa kila baada ya saa 4 bila kusubiri mgonjwa alie, na huambatana na dawa ya kulainisha choo kwa sababu mofini hufunga tumbo. Bibi alilala usiku mzima. Halafu akaomba mgebuka, samaki wa ziwani kwetu, wa kuchoma.

Kwa mtoto tulifundishana uani, mikono kwa mikono. Akikakamaa usimvute mikono; mkunje kwanza nyonga na magoti, mwili wenyewe utalegea. Wakati wa kumlisha anakaa wima, kidevu kimeinama kidogo, maana kichwa kikilazwa nyuma chakula kinaweza kupita njia ya hewa. Uji uwe mzito, kijiko kidogo, umsubiri ameze ndipo uongeze. Shangazi yule alimpakata huku akitetemeka, akampa kijiko cha kwanza, akangoja. Mtoto akameza akacheka, na uani kote wakacheka. Tangu hapo shangazi ndiye mwalimu wa wenzake.

Kupanga zamu kukawa rahisi, ila kuna namna ya kuomba. Ukisema "tumsaidieni mama huyu", kila mtu ataitikia na hatakuja mtu. Mimi niliuliza, "Dada, Jumanne baada ya alasiri uko wapi? Nipe hadi magharibi tu." Watu huogopa jambo lisilo na mwisho. Tukaandika majina kwenye daftari lililokaa pale pale nyumbani.

Zamu ya kwanza, mama hakwenda sokoni wala kwa ndugu. Alilala. Wengine waliona tumepoteza muda. Mimi naona hakuna zamu iliyotumika vizuri kuliko ile. Baadaye ndipo akarudi Kibirizi, asubuhi chache kwa wiki.

Tulimpeleka pia kwa afisa ustawi wa jamii, mtoto akaandikishwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 imezipa serikali za mitaa wajibu juu ya watu hawa, kwa hiyo familia isiende pale kama inayoomba sadaka.

Bibi alifariki nyumbani, kitandani kwake, maumivu yametulia, watu wamemzunguka. Baada ya arobaini daftari liliendelea kwa ajili ya mtoto. Anakua, na sasa mwanamke mmoja hawezi kumnyanyua kumwogesha bila kuumia mgongo. Kwa hiyo tunawafuata wanaume wa mtaa. Kijana mmoja mvuvi ameshakubali Ijumaa, siku ambayo haendi ziwani, na shangazi anamfundisha kukunja yale magoti.