Mama alipouliza kama ni damu yetu

Mwaka 2012, mwaka mmoja baada ya Muhimbili kuanza kutoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga, yaani heroini, tulimpeleka kaka yangu kliniki. Alikuwa ametoka kwenye usiku wa arosto, yale mateso ya kukosa unga: makamasi, kuharisha, miguu ikimrukaruka, anatetemeka ndani ya blanketi na joto la Dar lilivyo. Mashangazi walisema anajiendekeza. Mama alinyamaza. Baba alikufa kwa pombe, na hilo ndilo lililokuwa likimsumbua.

Daktari, binti mdogo tu, aligeuza fomu akachora seli ya ubongo, kisha vijidude vya mviringo ukingoni mwake.

"Mama, hivi ni vipokezi. Kuna jeni inaitwa OPRM1, iko kwenye kromosomu ya 6, ndiyo inayoelekeza seli ivitengeneze. Viliwekwa kwa ajili ya dawa za maumivu ambazo mwili hujitengenezea wenyewe. Unga unavivamia."

Unga ukikaa pale, alieleza, ishara za ndani ya seli hushuka. Zikishushwa kila siku, seli nayo hujiongezea nguvu ili kazi iendelee. Siku kete ya unga ikikosekana, nguvu yote ile inabaki bila breki, na hiyo ndiyo arosto. Methadoni hukaa kwenye kipokezi kilekile, ila polepole, na dozi moja humshikilia mtu siku nzima. Kaka, aliyekuwa ameinamisha kichwa, alikiinua kuutazama ule mchoro. Naamini ulimfaa kuliko mahubiri yote tuliyompa.

"Kwa hiyo, mwanangu, amerithi?" Mama aliuliza.

"Jeni hiyo sote tunayo, mama, hata mimi. Tafiti za mapacha zinaonyesha karibu nusu ya hatari ya uraibu hurithiwa, lakini imetawanyika kwenye jeni nyingi, kila moja inachangia kidogo. Kinachobaki ni maisha: mtaa, marafiki, unga kupatikana kirahisi."

Mama alishusha pumzi. Kisha daktari akasema lazima kaka apimwe VVU, homa ya ini na kifua kikuu, maana alikuwa akichangia sindano. Hapo Mama alinishika mkono, akanibana hasa.

Kaka alikunywa dozi yake ya kwanza dirishani, mbele ya mfamasia. Tukaambiwa arudi kesho, na kila siku.

"Hata Sikukuu?"

"Hata Sikukuu, mama."

Mama akafungua pochi, akaanza kupiga hesabu ya nauli ya mwezi mzima.