Kurusha Flight Simulator II kwa kibodi

Jumamosi usiku.

Flight Simulator II, mchezo wa kurusha ndege kwenye kompyuta ya zamani ya Apple II, kazi ya Bruce Artwick na kampuni yake subLOGIC ya mwaka 1983, huwaangusha wageni kwa sababu moja: wanarusha kwa kutazama dirishani. Prosesa ya kompyuta hiyo, 6502, ina kasi ya takriban megahezi 1 na haina amri ya kuzidisha. Kuzungusha mistari ya majengo ya Chicago ni kuzidisha kutupu, basi inabidi hesabu ipitie njia ndefu, na picha huchorwa upya mara chache tu kwa sekunde. Kidole kinalitangulia jicho.

Usukani uko katikati ya kibodi: F kushoto, H kulia, T hushusha pua, B huiinua, G hurudisha usukani katikati. Balaa ni kwamba vitufe havijirudishi. Ukigonga H mara 3 kisha ukaondoa kidole, ndege inaendelea kulala. Mgeni haoni badiliko, anagonga tena. Picha inapofika, bawa linaelekea majini. Gonga mara 1, acha ndege ianze kuinama, gonga G, kisha soma upeo bandia, kipimo kinachoonyesha ndege imeinama kiasi gani, kwenye dashibodi. Na G hainyooshi ndege, inanyoosha usukani tu. Mwinamo uliokwisha kuingia unabaki mpaka ugonge upande wa pili. Katika kona pua hushuka yenyewe, maana sehemu ya nguvu ya mabawa inavuta pembeni badala ya juu. Iwahi kwa B.

Safari huanzia Meigs, kiwanja kidogo cha ndege cha Chicago kando ya Ziwa Michigan. (Meya Daley wa jiji hilo alikichimbua kwa matingatinga usiku mmoja wa Machi 2003, ndani ya mchezo kipo kama kilivyokuwa.) Ndege ni Piper Archer. Inua pua kwenye noti 60 hivi (noti ni maili ya baharini kwa saa), panda kwa 76. Kurudi ndiko kugumu: kipimakimo huhesabu kutoka usawa wa bahari, na Meigs iko futi zipatazo 590 juu yake. Anayengoja sindano ikaribie sifuri atajikuta ardhini bado ana futi mia kadhaa "mkononi". Karibia kwa noti 66.

Kwenye emuleta, yaani programu inayoiga Apple II kwenye kompyuta ya leo, acha kasi ya asili. Apple II haina saa ya kuhesabu muda, kwa hiyo ukiongeza kasi ya prosesa, ndege nayo inakimbia.