Tui, paka na "leave out"

Mwaka wangu wa kwanza jikoni, kwenye nyumba ya wageni kule Raskazone, Tanga, Kiingereza changu kilikuwa cha kuunga neno kwa neno. "Leave" ni acha, "out" ni nje. Basi mgeni mmoja aliponiambia, "Please leave out the coconut milk," niliitika vizuri tu. Samaki nikamkaanga mkavu, na tui nililokwisha kulikamua nikalitia kwenye bakuli, nikaliweka nje barazani. Mgeni alimla samaki wake kwa raha zote, ila akauliza mbona paka wetu anakunywa tui.

Shangazi, ndiye aliyekuwa mpishi mkuu, alicheka mpaka akajikalia juu ya mbuzi ya kukunia. "Mwanangu, kasema usitie tui. Nani kakwambia ulitoe nje?"

Nikaandika daftarini: kutotia, kuruka, kutojumuisha. Nikajiona bingwa. Haikupita wiki, mama mmoja yuko mezani na chai yake, mimi nakusanya vyombo, akasema, "You can leave the milk out." Haya! Nikabeba jagi la maziwa, nikarudi na chai ya rangi. Kumbe alitaka maziwa yabaki pale pale, yasirudishwe kwenye friji.

Tangu hapo sisikilizi maneno peke yake, naangalia kinazungumzwa nini. Ikiwa ni chakula ambacho bado hakijapikwa, au orodha, au barua, kitu hicho hakitakiwi kuwemo. Ikiwa kitu kipo mezani na mtu anasafisha, basi kiachwe kilipo.

Jambo jingine lililonisumbua ni "it". Chumvi inakaa popote: "leave out the salt", "leave the salt out". Lakini "it" lazima iingie katikati: "leave it out". Ukisema "leave out it" watakuelewa, ila utaona nyusi zinapanda.

Ninachokipenda zaidi ni wakati uliopita. "I left out the salt" haisemi kama umesahau au umekusudia. Mchuzi ukirudi jikoni, sentensi hiyo humfaa sana mpishi, nami nimeshaitumia zaidi ya mara moja.

Juzi wageni walikuwa wanaondoka kwenda mapango ya Amboni, mtoto mmoja akabaki amenuna kwa kuwa kaka zake walipanga safari bila yeye. Mama yake akaniambia, "He feels left out." Sikwenda kutazama barazani. Nilimkatia embe, nikamwita jikoni.