Nilivyowalea walimu wageni shuleni kwetu Mbeya mpaka wakabaki

"Mwache aingie darasani, atazoea tu." Ushauri huo ndio unaowakimbiza walimu wapya, na wanaotangulia kuondoka ni wale tunaowahitaji zaidi: binti wa hisabati, mwanamume aliyepangiwa darasa la kwanza, mwalimu mwenye ualbino. Mimi ni mwalimu mlezi katika shule ya msingi hapa jijini. Niliowalea wamebaki, na najivunia.

Mgeni hapewi kipindi kizima mapema. Wiki mbili anakaa nyuma akitazama jambo moja tu kwa siku: leo ninavyoanza somo, kesho ninavyogawa vitabu vichache kwa watoto wengi bila fujo. Ukimwambia "angalia ninavyofundisha", haoni kitu. Baadaye tunagawana dakika 40 za kipindi: yeye utangulizi, mimi maarifa mapya, kisha tunabadilishana, hadi anashika kipindi chote nami nikiwepo. Boston, Marekani, tangu 2003 wana mpango ambao mwalimu mwanagenzi anakaa mwaka mzima darasani kwa mlezi wake, na shabaha mojawapo ni kupata walimu wanaofanana na watoto wa mjini wanaowafundisha. Sisi hatuna mwaka, lakini muhula mmoja unatosha kuanzia.

Kinachoharibu kazi haraka ni mlezi kudakia. Ukimsahihisha mbele ya watoto, kuanzia hapo kila jibu wanageuka kukutazama wewe. Tunakubaliana ishara: akiinua chaki juu ya bega, anaomba msaada. Asipoinua, nanyamaza. Kosa likiwa ubaoni na watoto wananakili, nanyoosha mkono kama mwanafunzi: "Madam, mstari wa tatu tumeupataje?" Analiona mwenyewe, na heshima yake inabaki.

Sasa karatasi yangu, ambayo siachi kuisifia. Chora madawati yote yalivyopangwa. Mwalimu akimwuliza mtoto, weka mstari kwenye dawati lake. Mtoto akijibu, zungushia duara. Jibu la darasa zima, ile "ndiyooo", usiliandike kabisa, kwa sababu halikuonyeshi nani ameelewa. Tumia penseli maana watoto huhamahama. Kipindi kikiisha, mistari imejazana safu mbili za mbele, na nyuma pako peupe. Usihutubie. Mpe karatasi, uliza: "Unaona nini?" Mwalimu mgeni ana hofu, hivyo anamtafuta mtoto atakayemjibu upesi. Dawa ni kuandika pembeni mwa andalio la somo majina matano ya kule peupe kabla hajaingia darasani, na kuanza nao kwa maswali mepesi. Rudia karatasi hiyo kila wiki, muwekeane ile ya zamani na mpya mezani.

Mwenye ualbino, niliambiwa, "mpangie maktaba". Hapana. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Baridi inatudanganya, lakini jua ni kali kwa ngozi yenye upungufu wa melanini. Zamu yake iwe kukagua madarasa, si kusimama uwanjani, na michezo iwe jioni jua likishapoa. Miwani peke yake haimalizi uoni hafifu, kwa kuwa tatizo lipo pia kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho, na mishipa ya fahamu ya macho. Orodha ya mahudhurio iandikwe upya kwa herufi kubwa. Ubao uliochakaa unang'aa, upakwe rangi upya. Ni gharama ya elfu chache. Asahihishe madaftari dirisha likiwa mgongoni kwake. Mwalimu huyo haoni vizuri mikono ya watoto wa nyuma, kwa hiyo anayenyoosha ataje jina lake: "Neema, mwalimu." Darasa linazoea mapema, na hata mimi nimeiga.

Mwanamume wa darasa la kwanza mtambulishe kwenye kikao cha wazazi wewe mwenyewe, mlango wa darasa ubaki wazi, na asibaki peke yake na mtoto mmoja. Kwenye KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, msisitizie sauti ya herufi, "mmm", si jina lake "em". Wengi huteleza hapo.

Yote haya yanataka muda. Mwalimu mkuu asipompunguzia mlezi vipindi, ulezi unageuka maongezi ya wakati wa chai. Dai muda huo kwenye ratiba, kupitia jumuiya ya kujifunza ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), hata kama shuleni kwenu ipo kwenye karatasi tu.

Halafu chumba cha mgeni kupanga. Wenye nyumba wengi mjini hutaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na mshahara wa kwanza huweza kuchelewa. Ulizia mapema Uyole au Iyunga, umwombee mwenye nyumba apokee mwezi mmoja mmoja, na uandikishane naye mbele ya balozi wa nyumba kumi.