Yuko Wapi Habili Ndugu Yako?

Wapendwa katika Bwana, kilichonilemea wiki hii ni neno lililosemwa katika jumuiya yetu tulipozungumzia hukumu ya kesi ya mauaji: "Anyongwe tu, kwani kuna nini cha kusikiliza tena?" Wengi waliitikia, wala sikushangaa, kwa maana damu ya mtu ni nzito, na anayeichukulia kirahisi hajayasoma Maandiko. Lakini swali hilo limeninyima usingizi, kwa sababu naamini Mungu alikwisha kulijibu.

Katika Mwanzo sura ya 4 hapakuwa na shaka juu ya kosa la Kaini, kwani damu yenyewe ililia kutoka ardhini. Hata hivyo BWANA, asiyehitaji shahidi, alianza kwa kumwuliza, "Yuko wapi Habili ndugu yako?" Na baada ya kumhukumu alimsikiliza tena aliposema, "Adhabu yangu imenikulia kubwa, haichukuliki." Adhabu haikufutwa, kwani Kaini aliondoka akawa mtu wa kutangatanga, ila alitiwa alama ili yeyote atakayemwona asimwue.

Kwetu Tanzania, Kanuni ya Adhabu inaelekeza kwamba aliyetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia ahukumiwe kunyongwa hadi kufa, isipokuwa mjamzito na aliyetenda kosa akiwa na umri chini ya miaka 18. Wakili anaweza kusimama akataja ugonjwa wa mteja wake, watoto wake na miaka aliyokaa mahabusu, lakini jaji hana la kufanya, kwa kuwa adhabu iliyoandikwa ni moja tu. Aliyepanga kwa miezi kumuua ndugu yake apate shamba, na aliyeshiriki kwa kutishwa na wenzake, wakitiwa hatiani kwa kosa hilo watasomewa maneno yale yale. Mara ya mwisho hukumu hiyo kutekelezwa nchini ilikuwa mwaka 1994, na tangu hapo waliohukumiwa wanasubiri miaka nenda miaka rudi. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba kuilazimisha adhabu hiyo kunavunja haki ya kuishi, na Mahakama ya Juu ya Kenya ilikuwa imeukataa ulazima huo kwa kosa la mauaji Desemba 2017.

Wapo watakaonikumbusha Hesabu 35, kwamba fidia haikupokelewa ili mwuaji aepuke kifo. Ni kweli, na siifichi. Lakini sura hiyo hiyo inauliza alipiga kwa chuma au kwa mkono, alivizia au alisukuma ghafula pasipo uadui, tena inakataza mtu kuuawa kwa ushahidi wa mmoja. Torati ilimtaka mwamuzi apime, na sisi tuliookolewa kwa neema tunaona uvivu kupima! Ndugu zangu, roho inayosema hakuna cha kusikiliza ndiyo ile ile inayookota mawe na matairi mtaani, kisha tunasoma kwamba mtu ameuawa na wananchi wenye hasira kali, na baadhi ya wananchi hao Jumapili walikuwa kwaya.

Wala msidhani kwamba nawatetea wauaji nikiwasahau waliofiwa. Yupo mama katika usharika wetu ambaye mwanawe aliuawa. Pembeni mwa kalenda yake ya ukutani ameandika kila tarehe ambayo kesi iliahirishwa, na nauli ya kwenda mahakamani aliikopa kwa majirani. Sisi tulijaa msibani hadi arobaini, kisha tukapotea, na huku ndio tunaopaza sauti kudai damu kwa niaba yake. Aliniambia kwamba hajawahi kuomba mtu anyongwe. Anachotaka ni kusikia aliyemuua akieleza mbele yake kwa nini. Mpendwa, mwendee huyo mama. Mpe nauli, keti naye kwenye benchi la mahakama siku nzima, ujifunze jinsi haki inavyosubiriwa. Na anayehudumu magereza asikatazwe na wazee kwa kisingizio kwamba wale ni watu wabaya, maana Bwana aliposema, "Nalikuwa kifungoni, mkanijia," hakutaja kosa lililomfunga mtu.