Amita mbili zilizotofautiana: nilivyowazoesha wanafunzi wa fizikia kutafakari

Kwa miaka kadhaa wanafunzi wangu wa kidato cha pili walikokotoa mkondo wa umeme kwa Kanuni ya Ohm bila kukosea, lakini nilipowauliza kwa nini wanaliamini jibu lao, walinyamaza au walinisomea daftari. Ndipo nilipoanza kutumia modeli ya kutabiri, kutazama na kueleza, iliyoenezwa na watafiti wa elimu Richard White na Richard Gunstone wa Australia, nikaiongezea masharti mawili: utabiri uandikwe kwa wino wala usifutwe, na sababu yake iandikwe kwa lugha yoyote. Sharti la pili lilinishangaza, maana sababu za Kiingereza hazikuzidi mstari mmoja, ilhali za Kiswahili zilijaza nusu ukurasa.

Siku ya sakiti mfuatano, ambamo vifaa vyote hukaa kwenye njia moja ya umeme, niliunganisha betri mbili, balbu mbili za tochi na amita mbili, yaani vipima mkondo, moja kabla ya balbu na nyingine baada yake. Karibu darasa zima lilitabiri kwamba amita ya pili itasoma pungufu, kwa kuwa balbu zimeshakula mkondo. Nilipowasha swichi, ya kwanza ilisoma ampea 0.22 na ya pili 0.20. Wakashangilia, mimi nikatokwa na jasho, kwa sababu sikuwa nimezikagua kabla ya kipindi.

Nilitamani kueleza papo hapo kwamba vifaa vina kasoro, ila nilijizuia, nikawataka waandike ni jambo gani lingewafanya wabadili mawazo. Baada ya kimya kirefu msichana mmoja akasema, "Madam, tuzibadilishe nafasi. Kama balbu ndizo zinazokula, ya mbele itasoma kubwa tena." Tulizibadilisha, na ile ya 0.22 ikasoma vilevile 0.22, ingawa sasa ilikuwa baada ya balbu. Tofauti ilikuwa ya amita, si ya mkondo. Basi balbu inachukua nini? Swali hilo, ambalo sikuliuliza mimi, lilimeza kipindi kizima kilichofuata, hadi wengi wao wakatenganisha mkondo unaopita na nishati ambayo balbu huigeuza kuwa mwanga na joto.

Si wote, kwenye jaribio wachache waliandika tena kwamba umeme unaisha njiani, nami nilikuwa nimechelewa vipindi viwili katika silabasi. Lakini tulipofika kwenye sakiti sambamba, ambamo mkondo hugawanyika katika njia kadhaa, kabla sijagusa swichi, mvulana wa nyuma alinyoosha mkono akaomba amita zote zipimwe kwanza mahali pamoja.