Shangazi na Tishio la Welezo

Juzi redio ilipokuwa ikieleza kwamba tarehe 15 Juni ni siku ya kupinga unyanyasaji wa wazee, na kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria mzee 1 kati ya 6 hufanyiwa ubaya wa aina fulani kila mwaka, binti yangu aliniuliza kama huo ubaya ni kupigwa tu. Nikamkumbuka shangazi, mwaka ule wa 2016 pensheni jamii, yaani fedha za kila mwezi za wazee, ilipoanza kulipwa Unguja.

Nilikwenda kumtembelea, na binamu, mwanawe anayeishi naye, alinipokea vizuri, chai ikaletwa na mkate wa kumimina. Nilimuuliza shangazi hali yake, akajibu binamu. Nikauliza kama magoti bado yanamsumbua, akajibu binamu tena. Shangazi alinyoosha mkono kuchukua kipande cha pili cha mkate, lakini kabla hajakigusa akasita, akamtazama mwanawe usoni kama anayeomba ruhusa. Binamu akacheka: “Kula, bibi wee, lakini ukijikojolea tena nakupeleka Welezo.” Watu wote wakacheka, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba Welezo ndiko yaliko makao ya wazee wasio na wa kuwatunza. Shangazi naye akacheka, huku akiurudisha mkono mtupu mapajani. Kanga yake ilikuwa safi, nywele zimesukwa, na mwilini hapakuwa na alama ambayo ningeweza kumwonesha mtu.

Siku ya malipo nikaomba nimsindikize mimi kupokea shilingi 20,000 zake. Njiani alizungumza bila kukatizwa, na zile akili ambazo binamu alidai zimemruka zilikumbuka hata mahari aliyotolewa mama yangu. Nilipomwambia kwamba nitakwenda kumshtaki binamu kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, alisimama. “Usinifedheheshee mwanangu. Wewe jioni unaondoka, mimi nabaki naye.”

Basi sikwenda kwa sheha. Nilimweleza ami, ambaye ni kaka yake mkubwa, naye akamwita binamu wakazungumza faraghani. Kisha tukapanga zamu, kila Ijumaa mmoja wetu aende kushinda na shangazi na kumsikiliza mwenyewe. Mzaha wa Welezo haukusikika tena mbele yetu. Ami anaamini ni maneno yake yaliyomnyoosha kijana, mimi nikiamini zaidi zile Ijumaa, ijapokuwa hakuna kati yetu anayejua yaliyosemwa siku za Jumamosi.